Chandarua ndani ya Sanduku la Besi

Hakuna fundi mjini Nchelenge aliyejua kurekebisha besi ya gari kama Kingsley: sanduku lake la spika lilikuwa la vyumba viwili, kimoja kimezibwa kabisa, kingine kina bomba la kutolea mlio. Alimwagiza mteja wake Nkulu, mfanyabiashara wa samaki, ajaze pamba katika kile kilichozibwa ili besi izame. Kingsley alipokifungua kutafuta kasoro ya mlio, alipigwa na butwaa. Ndani mlikuwa mmeshindiliwa chandarua kipya, kile ambacho kliniki huwagawia wajawazito.

“Nkulu! Muke yako mujamuzito analala mu nini?”

“Pamba ilikosekana, fundi. Jeanine amezoea mbu. Sikia kwanza besi!”

“Mutoto tumboni naye amezoea?”

Kingsley alikichomoa, akakataa katakata kulifunga sanduku mpaka akione kimetundikwa juu ya kitanda cha Jeanine.