Neno Moja la Verdell

Mwenye wakala wa waandishi wa mahakama, aliyekuwa akimpa dada yangu Verdell kazi za kuandika ushahidi kwa mashine ya hati mkato, ana vidole visivyotulia. Hata akila pai ya viazi vitamu jikoni kwetu, mjini Mobile, hupigapiga meza kana kwamba ni mashine. Wiki ya mazishi ya Verdell, wakili mmoja wa kesi alimpigia simu: mashahidi waitwe upya, maana mwandishi amefariki kabla ya kuzigeuza alama zake za hati mkato kuwa maneno kamili. "Hakuna kurudia, baba," akamjibu. "Verdell hakuniangusha hata siku moja, na mimi simwangushi." Akaja kwetu ilikobaki mashine ya marehemu, akavaa miwani, akaanza kuzisoma zile alama kimyakimya na kuzinakili. Ghafla akashika mbavu kwa kucheka.

"Kuna nini, mwanangu?" Mama akauliza.

"Ya mashahidi siwasomei, Mama, ni siri ya kesi, ila hili ni lake mwenyewe. Mawakili wamegombana wakisema wote kwa pamoja, naye kawakatiza na kuliandika neno lake: 'Mwandishi: Mmoja mmoja, tafadhali!'"

Mama akapiga makofi. "Ndiye huyo! Hata hapa mezani alitunyamazisha hivyo hivyo! Utalifuta?"

"Nilifute? Litafika mahakamani."

Sote tukaitika amina kwa kelele, kila mtu na sauti yake. Mwenye wakala akainua kiganja: "Mmoja mmoja, tafadhali!"