Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Mwalimu wa muziki alipopata kiharusi, mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki mbili, mguu baada ya miezi mitatu. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Vidole viwili vya mwisho vilikaa tu, kama wageni waliokosa la kusema.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa amepiga piano ya jazi na watu wawili: shemeji yake, fundi seremala, aliyepiga besi kubwa ya mbao yenye kimo cha mtu mzima, na nesi wa zahanati ya jirani aliyepiga ngoma. Hawakujua spika wala waya. Jumamosi mchana walisukuma madawati ya darasani pembeni, wakafungua madirisha, wakapiga.

Daktari alimwambia apumzike. Akapumzika siku nne. Ya tano akaketi kwenye piano na kuanza kidole kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwezi wa sita akawaita wenzake.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri mno, na hapo ndipo aliposhtuka. Kila alipokosa sauti ya chini, shemeji alishaiziba. Kila alipochelewa, nesi alishatandaza brashi zake za kupigia juu ya ngoma ili pengo lisisikike. Akaondoa mikono.

"Shemeji, unanibeba."

"Nakusaidia tu, shem."

"Zamani ungenisaidia hivi ningekufukuza."

Nesi akacheka, kisha akaona Mwalimu hacheki.

"Nimechelewa, sijafa," Mwalimu akasema. "Nikikosa sauti, acheni ikosekane. Nisikilizeni nilipo, si nilipokuwa."

Wakarudia. Pengo la kwanza lilikuwa baya, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. La pili likawa baya zaidi. Fundi vidole vilimwasha kuziba, akajizuia. Jasho lilimtoka Mwalimu hata miwani ikateleza. Jumamosi saba walihangaika hivyo, na mara mbili waliachana bila kuagana vizuri.

Ya nane, Mwalimu alikwama katikati ya wimbo. Fundi hakuziba. Alinyamaza, kisha akagusa uzi mmoja, taratibu. Mwalimu akamjibu kwa mkono wa kulia. Nesi akagonga toazi, ile sahani ya shaba kando ya ngoma zake, mara moja tu.

"Umefanya nini hapo?" Mwalimu akamuuliza fundi.

"Hata sijui. Nimekungoja."

"Basi uwe unaningoja hivyo hivyo."

Nesi ndiye aliyepanga wapige kwenye ukumbi wa mazoezi wa hospitali, pale pale Mwalimu alipofundishwa upya kutembea. Wagonjwa walikaa kwenye viti vya magurudumu, wengine wameegemea vyuma vya ukutani. Wimbo wa pili, mkono wa kushoto uliteleza ukaangukia sauti isiyokuwemo kabisa. Mwalimu akakaza meno, akairudia ile ile, kwa makusudi. Fundi akamtazama, akashuka nayo. Nesi akapunguza mwendo ili wote watatu wakae humo, na wimbo ukageukia njia ambayo hawakuwahi kuipita. Waliupiga mpaka mwisho.

Mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa kifuani akamuuliza Mwalimu kama kile kipande alikifanyia mazoezi muda mrefu.

"Miezi minane," Mwalimu akasema.

Nje, fundi alikuwa akiilaza besi kwenye gari.

"Jumamosi tunaanza nyimbo za haraka," Mwalimu akamwambia.

"Shem, tuonee huruma."

"Saa nane kamili," akajibu, akaanza kuteremka ngazi bila kushika ukuta.