Nani Afagie Ghala

Mwanangu Alinda, siku nilipochoka kabisa ni Jumamosi ile uliyorudi kutoka karate na vumbi la maganda ya kahawa mpaka kwenye kope. Nilikuuliza, "Leo mmejifunza nini?" Ukasema, "Kufagia." Na Jumamosi mbili zilizopita? "Kufagia, mama. Mwalimu mpya anasema wasichana tufagie, wavulana wapashe mwili moto." Nilikuwa namenya ndizi. Nikaweka kisu chini, nikatoka na kanga ya jikoni hivyo hivyo.

Watu wa Kamachumu wanasema nina hasira. Ni kweli, ninazo. Lakini hizi zina sababu, nawe uijue.

Nilipokuwa kidato cha pili nilifundishwa karate na Mwalimu Kokugonza, yule tuliyemzika mwaka huu kwao Izigo, kwenye migomba ya baba yake. Vijana wa barabarani walimwita Mama Mateke. Yeye alicheka tu: "Waitu, ndugu zangu, ingieni basi, mateke yapo ya kutosha!" Ghala la kufanyia mazoezi tuliazimwa na wenye kahawa msimu ukiisha, na maganda yaliyobaki yalichoma nyayo. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: anayefika wa kwanza anafagia.

Siku moja, nikiwa nimetoka tu kupata mkanda wa njano, nilifika wa kwanza. Nikakaa. Akaja mtoto mpya wa darasa la tatu, nikamsukumia ufagio. "Fagia wewe, mimi nina mkanda." Kumbe Mwalimu yuko mlangoni. Hakunigombeza. Alivua viatu, akauchukua ufagio kwa yule mtoto, akafagia ghala zima, yeye mwenye mkanda mweusi, sisi tumesimama tunamtazama. Alipofika miguuni kwangu akasema, "Sogea, binti, nisikuchafulie mkanda."

Nililia pale pale. Nikamwomba ufagio, akakataa. "Leo imepita. Siku nyingine wahi."

Hata alipoanza kuumwa, akifika wa kwanza alifagia, anapumzika katikati, ameegemea ukuta. Hakuna aliyethubutu kumpokea ufagio. Namkumbuka hivyo, na mpaka sasa roho inaniuma.

Sasa huyo aliyechukua nafasi yake, Jumamosi ile nilimkuta ghalani amekaa kwenye kiti. Nikamuuliza mbele ya watoto waliokuwa hawajaondoka, "Ufagio huo umewahi kuushika?" Akanijibu, "Mama, nenda nyumbani ukatulie." Nyumbani nilikwenda. Sikutulia, niliandika.

Mwanangu, kufagia si aibu. Ukifika wa kwanza fagia, hata siku utakapokuwa na mkanda mweusi. Lakini atakayekupa ufagio kwa sababu tu wewe ni msichana, mrudishie huku unamtazama usoni. Na ukimdharau mdogo wako kama nilivyofanya mimi, ungama siku hiyo hiyo. Mungu akupe miguu imara na moyo mpole, akutunze uendako na urudipo.

Barua niliyompelekea mwenyekiti wa klabu Jumatatu, naye akasaini kuipokea, ni hii:

"Mimi ni mzazi wa Alinda. Nalalamika kwamba tangu Mwalimu Kokugonza afariki, wasichana wanafagia wakati wavulana wanafanya mazoezi. Alinda amefagia Jumamosi tatu, hajafundishwa hata ngumi moja. Naomba kamati irudishe sheria ya marehemu kwa wote, mwalimu akiwemo, na inijibu kwa maandishi. Jumamosi hii Alinda anakuja kujifunza. Nami nitakaa humo ndani mpaka mazoezi yaishe."