Kujaza Mafuta Juu ya Mawingu

Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye pampu namba tatu ya kituo cha mafuta kinachotazamana na soko la mbao, na hakuna maneno aliyoyatamka mara nyingi kuliko haya mawili: zima injini. Madereva walimzoea hata wakambandika jina hilohilo. "Zima Injini yupo leo?" wangeuliza. Hakuudhika. Aliwahi kuona pikipiki ikishika moto mbele ya macho yake kwa sababu ya mtu mmoja mwenye haraka, na tangu siku hiyo hakumpa mtu hata tone kabla hajasikia kimya.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye maneno machache na masikio makali. Alijua tangi limekaribia kujaa kwa kusikiliza tu mlio wa mafuta unavyopanda. Ndege hakuwahi kuipanda. Nyumbani aliishi na mama yake, bibi wa miaka themanini na ushei, na mdogo wake wa kiume, fundi kompyuta, aliyehamia kwao baada ya ndoa kumshinda. Alikuja na sanduku moja la nguo na maboksi manne ya vyombo vya mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe haukuwa wa kitoto. Fundi alitafuta kiti cha gari bovu, akakifunga juu ya ubao. Mkono wa kulia aliweka kijiti cha kuongozea ndege, wa kushoto kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, na chini pedali mbili. Mbele ilisimama skrini pana kama meza ya chakula. Akishakaa pale alikuwa rubani wa ndege ya kivita, na ole wako umwambie gesi imeisha jikoni.

Jumapili moja mchana, mvua ikinyesha, Zima Injini aliingia sebuleni kutafuta miwani ya mama yake. Akainua macho, akasahau alichofuata. Kwenye skrini kulikuwa na anga la buluu lisilo na mwisho, na chini yake mawingu meupe yametandazwa kama shuka. Mbele, ndege kubwa ya kijivu ilikuwa imetulia tuli, ikiburuta mpira mrefu wenye kitu kama kikapu mwishoni.

"Ile nini?"

"Ndege ya mafuta," fundi akajibu bila kugeuka. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka.

"Inampa nani?"

"Inanipa mimi, nikifika. Huu mrija ulio puani mwa ndege yangu natakiwa niuingize kwenye kile kikapu."

"Na injini?"

"Zinawaka zote, dada. Zangu na zake."

"Mnakwenda kasi gani?"

"Mara tano ya basi la mikoani likiwa limekimbia mpaka mwisho."

Zima Injini aliketi kwenye mkono wa kochi, taratibu, kama mtu aliyepewa habari nzito. "Hapo kwenye mchezo tu, au wapo watu wa kweli wanaofanya hivi?"

"Wapo. Kila siku."

Kikapu kilicheza, fundi akakifukuza kushoto, kikamkimbia kulia, akakifukuza kulia, mwishowe akaipiga ile ndege kubwa ubavuni na skrini ikajaa moto. Miezi minane alikuwa akijaribu. Dada mtu hata kucheka hakucheka. Alikuwa ameshika shavu, anatazama moshi, na mama yake alipoita mara ya tatu kuhusu miwani ndipo akakumbuka kuwa ana miguu.

Siku nzima ya kesho yake kazini alikuwa kama ameachwa na roho. Alishika mpira wa pampu na kuutazama. Kitu hiki hiki. Watu huko juu wanakipokezana wakiwa mbioni, injini zinanguruma, chini yao hakuna hata jiwe la kukanyaga. Jioni alipofika nyumbani hakuvua hata viatu vya kazi.

"Nifundishe," akamwambia mdogo wake.

"Dada, wewe hata simu yako nakuwekea mimi saa."

"Simu sikuipenda. Hii nimeipenda."

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu, lakini akampisha kiti. Wiki tatu za kwanza hazikuwa na kikapu wala ndege ya mafuta. Alijifunza kwenda mbele tu, usawa mmoja, bila kupanda wala kushuka, na hilo peke yake lilimtoa jasho. Mama yake, aliyekuwa akikaa pembeni na ufumaji wake, alikuwa akiuliza kila baada ya muda, "Umeshashuka? Shuka basi ule." Wiki ya nne wakaenda kuitafuta ndege ya mafuta, na hapo vifo vikaanza. Aligonga bawa. Aligonga mkia. Mara moja kikapu kilimpiga kwenye kioo cha mbele, akainamisha kichwa kweli kweli hapo sebuleni.

"Wamekufa?" mama yake akauliza.

"Wamekufa, Mama, lakini wanafufuka."

"Haya, wape pole."

Miezi miwili ikapita hivyo. Kila alipokisogelea kikapu, mkono wake ulifanya kama wa mdogo wake: kikienda huku anafuata, na akifika kimeshahama. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," alijiambia, lakini kulijua neno si kuliweza.

Jibu lilikuja Jumatano, na lori. Kila Jumatano lori la tangi lilileta mafuta kituoni, na dereva wake, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, alilirudisha nyuma kati ya ukuta na pampu, penye nafasi ya kiganja kila upande. Zima Injini alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi zisizo na hesabu. Siku hiyo alimsubiri ashuke.

"Shikamoo, mzee. Hivi unapitaje hapo bila kugusa?"

"Marahaba. Miaka yote hii, leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo ndiyo nimeona."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. "Nikiangalia tairi nitagonga, mwanangu. Mimi naangalia mwisho wa ukuta ule, basi. Tairi linafuata lenyewe. Na usukani usiuambie maneno mengi. Uambie neno moja, ungoje ujibu. Wengi wanagonga kwa sababu wanasema la pili kabla halijajibiwa la kwanza."

Jumamosi mchana, akiwa ametoka zamu ya asubuhi, alikaa kwenye kiti cha gari. Aliisogelea ndege ya mafuta kutoka nyuma na chini kidogo, na safari hii hakukitazama kikapu. Alitazama tumbo la ile ndege kubwa, penye mstari mweupe, akahakikisha mstari haupandi wala haushuki. Kikapu akakiacha pembeni ya jicho, kama mgeni unayejua yupo lakini humkodolei macho. Kishikio cha nguvu alikisogeza upana wa ukucha, akangoja. Akasogeza tena, akangoja. Alikuwa akiisogelea ndege inayokimbia vile kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumfunika mtoto aliyelala.

Kukasikika mlio mdogo. Taa ya kijani ikawaka chini ya bawa la ndege ya mafuta.

"Dada," fundi akanong'ona nyuma yake. "Dada, umeingia. Usipumue. Hapana, pumua!"

Namba za mafuta zikaanza kupanda. Akahisi ndege yake inazidi kuwa nzito, inataka kubaki nyuma, akaiongezea nguvu kidogo, akangoja. Kisha ndege kubwa ikaanza kuinamisha bawa la kushoto.

"Inageuka. Geuka nayo, usiiache."

Akageuka nayo. Jua lilitoka nyuma ya mabega yake, likapita juu ya vioo, likamulika mpira ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mawingu yote yakazunguka chini yao polepole, wakiwa wawili wameshikana kwa uzi mmoja. Alishindwa kuamini kuwa binadamu ndiye aliyewaza jambo hili. Dakika tano zilipita. Tangi lilipojaa alirudi nyuma taratibu, mrija ukachomoka, na vidole vyake vikakataa kufunguka. Fundi alivifungua kimoja kimoja.

"Nilikuwa nimesimama," alisema, machozi yakimtiririka bila yeye kujua. "Kila kitu kinakimbia, na mimi nimesimama kabisa."

Habari haikukaa ndani. Fundi alikuwa na wenzake sita waliokutana kwenye mtandao kila Jumamosi kurusha ndege pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujaza mafuta kwa uhakika. Ndiyo maana safari zao zote zilikuwa fupi. Wiki iliyofuata walimsikia mwanamke kwenye spika za masikioni.

"Nani huyo?" akauliza mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari.

"Dada yangu," fundi akasema. "Nyamazeni mmsikilize."

Zima Injini alianza kumfundisha mwalimu, aliyejaribu miaka miwili akakata tamaa. "Mwalimu, kikapu achana nacho. Tazama tumbo la ndege. Sogeza kidogo. Sasa usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Ngoja ikujibu."

Watu wanane katika nyumba saba wakazuia pumzi. Taa ikawa ya kijani. Mwalimu hakushangilia, walisikia tu akivuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana kama anaruhusiwa kubaki hapo hata baada ya tangi kujaa.

"Baki," Zima Injini akamwambia. "Inageuka sasa hivi. Utaona jua."