Siku Maziwa Yangu Yalipopimwa Hadharani

Mnaonijua mnajua ninavyopenda kueleza jambo hadi kila mtu aelewe. Safari hii nilieleza vizuri kupita kiasi.

Chama chetu cha maziwa hapa Subukia kilikuwa karibu kuvunjika. Wakulima walimshuku Kamau, mpimaji wetu, kwamba anapendelea marafiki zake, na wengine walishaanza kuwauzia wachuuzi. Mimi, mwenyekiti, nikaamua maziwa yote yapimwe mbele ya watu, tukianza na yangu. Nikasema kuaminiana kunaanza na mkubwa.

Asubuhi hiyo nilisugua mkebe wangu hadi ukang'aa, nikautia maji ya kusuuza. Mke wangu akaita, "Baba Wanjiru, watu wanakungoja!" Nikamimina maziwa mbio mbio, nikaondoka.

Kituoni nilishika kile kipimo cha kioo nikawaeleza polepole. "Kikielea vizuri, maziwa ni safi. Kikizama, mwenyewe ameongeza maji. Hapa hakuna kuonea mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Kamau akakitumbukiza katika maziwa yangu. Kikazama. Akakitoa, akakipangusa, akakirudisha. Kikazama tena, bila hata kusitasita. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yale maji ya kusuuza sikuyamwaga.

Kisha Mama Chebet, aliyekuwa akilalamika kuliko wote, akainua mkono kwa heshima zote.

"Mwenyekiti, hapo kwa kuzama sikushika vizuri. Ebu rudia, polepole."