Baba na Zamu ya Usiku

Baba alilinda kiwanda cha kuchambulia pamba miaka ishirini na ushei, zamu ya usiku tupu. Miaka ile ya ruksa ya biashara huria, mitumba ilipojaa magulioni na viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja, naye akapunguzwa. Alitoka na cheti na koti zito la ulinzi, akaja kukaa kwangu Kibiti. Mama alikwishatangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa nimeachika, nina vyumba viwili na sina wa kuniuliza.

Nilifurahi. Furaha yangu ilidumu siku tatu.

Nilikuwa nachoma vitumbua vya kuuza kwenye kituo cha mabasi ya kusini. Saa kumi alfajiri niko jikoni, kwa hiyo nikishasali isha nataka kichwa kiguse mto, basi. Baba naye, isha ikishasaliwa, ndipo macho yanapomchangamka. Alivaa lile koti, akashika tochi, akazunguka nyumba. Akatikisa komeo la mlango wa uani. Akakohoa, kikohozi kile cha kumjulisha mwizi kuwa kuna mtu. Kisha akasimama dirishani kwangu.

"Mwanangu, umelala?"

"Nilikuwa nimelala, Baba."

"Aa, lala. Nilitaka kujua tu."

Mara nne kwa usiku. Asubuhi nilikuwa nasinzia mbele ya karai la mafuta ya moto, na yeye yuko barazani anakoroma.

Ushauri ukaja, maana ushauri haununuliwi. Jirani yangu, mke wa fundi baiskeli, akasema nimkataze kahawa. Baba akaitikia, "Haya," halafu akawa anakwenda kuinywa barazani kwa huyo huyo fundi baiskeli. Nikasema basi asilale mchana. Nikampa ungo achague mchele ili macho yawe na kazi. Nikarudi kutoka kituoni nikamkuta amelala kakaa, ungo mapajani, kuku wanakula. Nikajaribu kumwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kabla hajapanda kitandani. Hilo alilipenda. Alilipenda mpaka akawa anaomba maji mara ya pili, saa sita za usiku. Imamu wa msikiti wetu akamwambia alale na udhu, kwa ubavu wa kulia, avute tasbihi taratibu. Akaivuta. Alipoimaliza alikuja dirishani kuniarifu kuwa ameimaliza.

Mwisho nikampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja wa makamo mwenye subira nisiyokuwa nayo mimi, alimlaza chali kwenye benchi akamfundisha. Avute pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta. Akaze vidole vya miguu, ahesabu mpaka tano, avilegeze. Kisha vigimbi, kisha magoti, apande hivyo hivyo mpaka kwenye paji la uso.

"Na usingizi ukikataa, mzee wangu, usigombane nao," akamwambia. "Amka, kaa kidogo, ndipo urudi kitandani."

Natamani hilo la mwisho asingelisema. Baba alilishika kama fatuwa.

Usiku ule akadai hakumbuki mpangilio, lazima nimwongoze. Nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, koroboi nimeipunguza.

"Kaza vidole, Baba."

"Nimekaza."

"Legeza."

"Vyote, au vya mguu mmoja?"

"Vyote, Baba. Sasa vigimbi."

"Hiki cha kushoto kina maumivu ya zamani."

"Basi kaza cha kulia."

Tulipofika magotini nilikuwa nasikia sauti yangu inatokea mbali. Kilichoniamsha ni mwanga wa tochi usoni. Shingo imekakamaa, shavu liko juu ya mbao ya kitanda, na Baba ameketi wima, macho makavu.

"Mwanangu, umeniacha magotini."

Hasira zikanipanda. Sikuwahi kumpandishia sauti maishani mwangu. "Baba, kiwanda kimefungwa! Hapa hapana cha kulinda! Nani atakuja kuiba karai langu?"

Akazima tochi. Akasema, "Najua kimefungwa. Mimi ndiye niliyefunga lango. Mimi ndiye niliyekabidhi funguo."

Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, lakini usiku hakuja tena dirishani. Alikaa tu chumbani mwake, nami nikilala macho nikimsikiliza akikaa.

Wiki hiyo shangazi, dada yake, akaleta habari kutoka Mkongo, bondeni anakolima: mpunga wake umeanza kuiva na nguruwe wanaumaliza usiku. Hana mtu wa kukesha. Kabla hajamaliza chai Baba alikwishaanza kukunja chandarua.

"Baba, umri huu? Baridi ya bondeni? Mbu wa kule?"

"Koti ninalo."

Shangazi akanitazama kama mimi ndiye ninayemfukuza. Nilimfungia Baba unga wa muhogo na chumvi, akaenda.

Baada ya siku nane nikamfuata na sufuria ya bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kukaanga. Nilifika jua limepanda. Juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia mpunga, zilionekana nyayo zake mbili tu, zimelegea zenyewe bila kuongozwa na mtu.

"Hodi! Baba! Baba wee!"

Nyayo zikatoweka, kichwa kikatokeza, uso umekunjamana.

"Shii! Punguza sauti. Dungu lile la pili wenzangu wamelala. Watu tumekesha hapa."

Nilisimama chini ya ngazi, mzigo kichwani, njiani tangu alfajiri, vitumbua vya siku nzima sikuchoma. Nikashusha sufuria kivulini, nikamnong'oneza shikamoo.