Handaki Kwenye Shamba la Mkewe

Salehe alikuwa mtu wa ngumi na hakuwahi kulificha hilo. Aliwahi kumtandika mwendesha bodaboda pale Bigwa kwa kumwita babu kabla mvi hazijamtoka. Aliwahi kumvunja mtu pua msibani, msibani jamani, wakigombea maini ya mbuzi. Hata harusi yake mwenyewe iliishia kwenye makonde, na bwana harusi akaingia chumbani kwa biharusi mdomo umevimba. Huko mlimani watu walishazoea. Wakisikia kelele upande wa migomba, waliuliza kwanza kama ni Salehe, ndipo wakauliza kuna nini.

Ukiyachunguza magomvi yake, mengi yalikuwa na mzizi mmoja. Salehe alitoka ng'ambo ya mlima, upande wa Matombo, akamwoa Mwanaheri na kuhamia kwenye ardhi ya mama yake Mwanaheri. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Ni mali ya lukolo, yaani ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba wa watoto. Mume hulima, hujenga, hupanda, huzaa, lakini ardhi si yake, na hata watoto ni wa ukoo wa mama yao. Salehe alikuwa Mluguru wa kuzaliwa na aliyajua haya tangu ananyonya. Kujua ni jambo moja na kumeza ni jingine. Kila mgomba ulioota pale aliuotesha yeye, na kila msimu shemeji yake mkubwa, Abeid, alipita na kusema kwa upole, "Shemeji, shamba letu unalitunza." Hilo "letu" lilimkwama Salehe kooni kama mwiba wa samaki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kuku alikuwa mgeni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi siku Mwalimu Thobias alipopanda mlima, alimkuta mtu mwenye njaa ya neno moja tu.

Thobias alifundisha historia katika shule ya kata iliyoko chini, na alichukia kuandika ubaoni kama watu wanavyochukia kiroboto. Alisema historia ya dunia haiingii kichwani mpaka ipitie mikononi. Waliosoma Misri ya kale aliwatwangisha matete wakatengeneza karatasi. Waliosoma Warumi waliunda tao la matofali nyuma ya choo cha shule, na tao likasimama, na mkuu wa shule akalipiga picha. Zamu ya Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, alitaka kila kundi litafute ushahidi wa vita hiyo kwao nyumbani: wachimbe, wachekeche udongo, wapime, wachore, wawahoji wazee. Raya, binti yake Salehe, alinyoosha mkono wa kwanza. Juu ya shamba lao, alisema, kuna handaki la Mjerumani.

Handaki lilikuwepo kweli. Lilikuwa shimo refu jembamba juu ya kilima, limeota majani, mbuzi wanalala humo. Wazee walisema askari walijichimbia pale vita ilipopita Morogoro.

Mwalimu Thobias alikuwa mtu wa Rombo. Kwao, ukitaka kuchimba kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani, unamwomba baba wa nyumba, na ukishamwomba umemaliza. Ndivyo alivyofanya. Alimkuta Mwanaheri mlangoni mwa jiko akimenya ndizi, akamsalimu vizuri, akampita.

"Shikamoo mzee," alimwambia Salehe.

"Marahaba mwalimu, karibu."

"Wewe ndiye mwenye shamba. Tumekuja kuomba ruhusa yako."

Mwenye shamba! Salehe alijikuta anatabasamu hadi pengo la jino likaonekana. Raya alianza, "Baba, labda tumwambie na mjomba..." Salehe akamkata kauli.

"Mwalimu ameniuliza mimi. Chimbeni, mwalimu! Chimbeni mpaka mtokee Ujerumani."

Jumamosi wakapanda na kamba za katani, sururu, majembe na chekeche la mchanga waliloazima kwa fundi. Walipima mraba, wakafunga kamba, wakaanza kushuka tabaka kwa tabaka. Salehe aliketi juu ya jiwe na kutoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Yalipotoka maganda ya risasi yaliyoota ukungu wa kijani, wanafunzi walipiga kelele za furaha, na Salehe akapiga zaidi yao. Alikuwa na furaha ya kweli siku ile, asinyimwe hiyo.

Ndipo kijana mmoja, Amosi, akiparua taratibu kwa mwiko wa fundi, akatoa mfupa.

"Acha!" Mwalimu alipiga magoti. Aliuangalia, na uso wake ukabadilika. Ulikuwa wa mguu wa mtu. "Asiguse mtu. Tunafukia, kisha tunakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Alisema sawasawa, ila alichelewa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani alishaona, na maneno ya mlimani hukimbia kuliko maji. Yalipoondoka kwake yalikuwa mfupa. Yalipofika kwa Abeid, Salehe alikuwa amewauzia watu wa mjini makaburi ya ukoo, wanafukua wazee wapate dhahabu ya Mjerumani.

Abeid hakuuliza. Alikuja na mdogo wake Hafidhi na wanaume wa ukoo, na mapanga, na mipini ya majembe. Walitokea kwenye migomba kwa yowe moja. Mwalimu alisimama mbele ya wanafunzi, akainua mikono, akasema, "Shikamoo, wazee wangu, tafadhali..." Hakupewa marahaba. Mpini ulimpata juu ya sikio. Alikwenda chini, akainuka, wakampiga tena mgongoni kwa ubapa wa panga mpaka shati likapasuka na ngozi nayo. Damu ilimshuka usoni ikaingia machoni, akawa anapapasa hewa kama kipofu huku akiwaambia watoto wakimbie.

Walikimbia. Walitumbukia kwenye migomba, walibiringika mteremkoni, viatu vikabaki nyuma. Mawe yaliwafuata. Msichana mmoja jiwe lilimpata kisogoni, wenzake wakambeba juu juu. Amosi ndiye hakuwahi. Aliteleza ukingoni mwa shimo, mwiko ungali mkononi, na kwa huo mwiko Hafidhi akamwona ndiye mfukuaji. Alimpiga mkono kwa rungu. Mfupa ulilia, kila mtu aliusikia. Akamwinulia tena rungu, safari hii kichwani.

Hapo Salehe aliruka kutoka kwenye jiwe. Alimvaa Hafidhi kwa kichwa tumboni, wakaanguka wote wawili juu ya kamba na vigingi, Salehe akampiga ngumi za uso bila kuhesabu, mpaka Hafidhi akatema jino. Amosi akatambaa akajificha nyuma ya mwalimu wake. Laiti Salehe angeishia hapo! Angekuwa shujaa na hadithi ingekuwa nyingine.

Lakini Abeid alisimama juu yao na panga lake, akasema kwa sauti ya kuhema, "Mgeni wewe. Nani alikupa ardhi yetu ukaigawe?"

Letu, yetu. Salehe aliokota sururu. Hakumtisha nayo wala hakumsukuma. Aliinyanyua kwa mikono miwili, jinsi anavyonyanyua akipasua mwamba, akamshushia shemeji yake begani. Mfupa wa mtulinga ukakatika, sururu ikazama. Abeid alikaa chini, kisha akaanguka chali ndani ya handaki, akaulalia mfupa ule uliokuja na balaa, na damu yake ikaulowesha udongo waliouchekecha.

Ukoo mzima ukamgeukia Salehe. Walimpiga mateke ya mbavu, walimpiga mawe, walimkanyaga vidole. Alipigana alivyoweza, akamng'ata mtu mguu, mwisho akabaki kujikunja tu. Mmoja alishaita wenzake walete majani makavu, na kila aliyesikia alijua ya nini.

Raya aliachana na wenzake akarudi akikimbia. Alijitupa juu ya baba yake kifudifudi, jiwe moja likampata bega akiwa njiani.

"Haya nipigeni!" alipiga kelele. "Mimi ni wa lukolo! Nyie ni wajomba zangu wote! Mwenye ubavu amwage damu ya ukoo, aanze na mimi!"

Mawe yakasimama mikononi. Damu ya Salehe ilikuwa bure, damu ya Raya ilikuwa yao wenyewe. Walibaki wanahema, wanatazamana, mmoja akaanza kulia. Baadaye polisi walipopanda, waliwakuta wamekaa chini wote kama watu waliotoka kupalilia.

Amosi alifungwa plasta, mwalimu alishonwa kichwa. Hafidhi na Salehe walilala mahabusu, kisha wakubwa wakaona wayamalize nyumbani. Mabaki yale yalizikwa upya kwa dua, na hakuna aliyejua alikuwa askari, mpagazi, au mtu wa ukoo aliyejificha mahali pabaya. Likabaki la Salehe. Mkwe aliyemwaga damu ya mjomba juu ya ardhi ya ukoo halali tena juu ya ardhi hiyo, isipokuwa mke akimtaka. Mke akisema namtaka, mume anatoa mbuzi mweusi, uwanja unasafishwa, maisha yanaendelea. Yote yalikuwa mdomoni mwa Mwanaheri.

Walikaa uwanjani, ukoo upande mmoja, Salehe peke yake upande wa pili juu ya kigoda. Abeid alikuwa na mkono uliofungwa kifuani, na waganga walishamwambia hautainuka tena juu ya bega. Salehe hakuwa na wasiwasi. Mke alikuwa mke wake, na mtoto wa watu aliokolewa na yeye, hilo nalo nani atalikana?

"Nilipigania watoto," alisema. "Nilipigania shamba hili."

"La nani?" aliuliza Mwanaheri.

"Kaka zangu wamekosa," Mwanaheri aliendelea, na aliwatazama mmoja mmoja mpaka Hafidhi akainamisha uso. "Kuwapiga watoto wa watu kama nyoka. Ningekuwa na nguvu ningewapiga mimi. Lakini wewe, Baba Raya. Ungeniambia, 'Mama Raya, mwalimu anataka kuchimba kule juu,' ningekubali palepale. Ningemwita kaka, tungechinja kuku, watoto wangechimba na uji ningewapikia. Nilikuwa hapo jikoni. Hukuniuliza."

"Mama Raya, mimi nilidhani..."

"Tangu unioe unapigana na kaka zangu juu ya ardhi yangu. Kaka zangu nao wanapigana na wewe. Mimi mwenyewe sijaulizwa na yeyote kati yenu, hata tupande nini." Aliinuka. "Nakupenda, na mtu asidhani sikupendi. Lakini nimechoka kufua damu. Nenda kwenu."

Salehe alikunja ngumi, maana ndicho alichojua, na alipotazama huku na huku hakumwona wa kumpiga. Machozi yalimtoka mbele ya watu. Akamtazama Raya, ambaye bega lake lilikuwa bado na kovu bichi la jiwe. Raya alikuwa analia kwa sauti, kanga imemjaa mdomoni, na hakuinuka. Alikuwa amekaa katikati ya wajomba zake, mahali pake.

Mwanaheri aliingia ndani kumfungia nguo zake.